Wape Kazi, Si Viti: Kupiga Muziki na Wanafunzi wa Kigeni

Ratiba huwa ni ile ile. Chuo kimepokea wanafunzi wa kigeni wa muhula mpya, spika zimekodiwa, mshereheshaji anataja nchi moja baada ya nyingine. Mjerumani anaimba wimbo wa kwao kwa aibu, Wachina watatu wanaimba wakifuata simu, Mmarekani anapewa gitaa lisilokazwa nyuzi, kisha kikundi cha ngoma cha chuo kinaingia na kuwafunika wote. Makofi, soda, picha ya pamoja. Watu wamekaa ukumbi mmoja jioni nzima na hakuna aliyepiga hata noti moja pamoja na mwenzake.

Nawaandikia watakaokuwa wenyeji wa jioni kama hiyo: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), familia za Unguja zinazokaa na vijana waliokuja kujifunza Kiswahili, wanakwaya na wapiga gitaa wa hosteli. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja na mengine yanatokana nao. Futa ratiba ya nchi kwa nchi, na umpe kila anayeingia mlangoni kazi ndogo, ya kweli, ndani ya muziki mmoja. Iwe ndogo ili aimudu. Iwe ya kweli, kwa maana kwamba akiiacha muziki utapungua na wote watasikia.

Hakuna haja ya kutafuta mfano mbali. Ngoma zetu zimejengwa hivyo hivyo. Mwanzilishi anatupa mstari, wengine wanaupokea. Mwenye upatu anagonga pigo lake lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, na mpiga ngoma kubwa ndiye mwenye ruhusa ya kuchombeza. Bibi asiyeshika chombo chochote anapiga makofi na vigelegele, wala hakuna anayemhesabu kuwa mtazamaji. Angalia kidumbak ya Unguja: fidla moja, vingoma viwili vidogo, cherewa, mkwasa, na lile sanduku la chai lililofungwa kamba moja likawa besi. Fidla inataka miaka. Mkwasa ni vijiti viwili, na mgeni mwenye masikio ya kawaida ataushika kabla chai haijapoa. Wote wawili wamo katika muziki ule ule, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Mchanganyiko nao si mgeni pwani. Taarabu yetu imekaa na kanuni na udi wa Waarabu, fidla na akodiani za Ulaya, na midundo ya rumba iliyokuja na santuri. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kifini akikuambia kwa unyonge kwamba yeye hupiga akodiani tu, mwambie amefika kwao.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na tuanze na mdundo, kwa sababu hapo ndipo jioni nyingi zinapovunjika.

Mgeni kutoka Ulaya au Asia ya Mashariki mara nyingi amezoea muziki unaohesabiwa mbili au nne. Ngoma zetu nyingi, na chakacha mojawapo, zinakwenda kwa sita, na ndani ya sita hiyo mna mbili na tatu kwa wakati mmoja. Mwenyeji hajui kwamba anajua jambo hili. Ameanza kulisikia akiwa mgongoni mwa mama yake. Anachokiona ni kwamba mgeni anapiga makofi "vibaya", anacheka, anamwambia "sikiliza tu utaelewa". Mgeni anasikiliza, haelewi, anarudisha mikono mapajani, na hataiinua tena usiku huo.

Mfundishe kwa miguu kwanza. Simameni duara, bila chombo chochote. Hesabuni pamoja 1 hadi 6 kwa sauti, bila kukatika, kwa kasi ya mtu anayetembea bila haraka. Mguu wa kulia ukanyage kwenye 1, wa kushoto kwenye 4. Endeleeni hivyo mpaka mwili uchoke kufikiri, dakika mbili au tatu. Halafu, miguu ikiendelea, mikono ipige kofi kwenye 1, 3 na 5. Kofi la 1 litaangukia pamoja na mguu. La 3 litautangulia mguu wa kushoto kidogo, na la 5 litaufuata. Watu watapotea. Waache wapotee, usisimamishe, endelea kuhesabu, watarudi kwenye 1. Wakishatulia acheni kuhesabu na ngoma iingie. Kuanzia hapo duara lote limebeba kitu ambacho dakika kumi zilizopita kilionekana ni siri ya Waafrika.

Wasioweza kutenganisha mkono na mguu usiwabane. Gawa duara: nusu wawe miguu, nusu wawe mikono, kisha mbadilishane. Kuna mtu atabaki kuwa mguu hadi mwisho wa sherehe, na hapo pia amepata kazi.

Mkishafika hapo, zamu ya mgeni kufundisha inakuwa na maana, kwa sababu sasa kila mmoja amekwisha kuonja ugumu wa mwenzake. Mhindi aliyesoma tabla anaweza kuwafundisha tintal: mzunguko wa mapigo 16, kofi kwenye 1, 5 na 13, na kwenye 9 mkono unapungwa hewani bila sauti. Mbulgaria atawaletea mzunguko wa saba unaokatwa mbili, mbili, tatu. Hapo mtaona wapiga ngoma hodari wa chuo wakikanyagana, na nakuhakikishia hakuna kinachowapatanisha watu haraka kama mwenyeji kushindwa hadharani na huku anacheka.

Onyo moja kuhusu kasi. Wapiga ngoma wetu wakiona watu wamechangamka huongeza mwendo. Kwenye harusi ni sawa, kwenye duara la wanafunzi ni kuwafukuza. Chagua mmoja awe mlinzi wa mwendo, ikiwezekana mwenye upatu au chupa ya soda inayogongwa kwa kijiko, na wote wakubaliane kwamba ngoma inamfuata yeye. Singeli, yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika, iachwe mpaka vyombo vimewekwa chini na watu wanataka kucheza.

Kwenye sauti na tuni, tatizo la kwanza ni kii. Mwimbaji wetu wa kwaya huanzisha wimbo pale koo lake linapopenda, na wengine hujikuta wakipanda dari. Kundi la watu wa kawaida, wanawake na wanaume pamoja, huimba kwa raha kuanzia La ya chini hadi Re ya juu, wanaume wakienda oktavu moja chini. Kabla ya siku yenyewe, imba mwenyewe ule mstari wa juu kabisa wa wimbo. Ukilazimika kukunja uso, shusha. Mwenye gitaa awe na kapo ili asibishane.

Kwa wale wenye ala lakini wasiojua nyimbo zenu, tumia mpangilio wa sauti tano. Una asili katika muziki wa mahali pengi sana duniani, kuanzia China hadi Uskoti, na uzuri wake kwa kazi yetu ni kwamba ni vigumu kupiga kitu kibaya ndani yake. Kama mna kinanda, mwambie mgeni asiyejua kupiga achezee vitufe vyeusi peke yake, huku besi ikishikilia Fa diyezi bila kuhama. Atatunga. Mwanafunzi wa Kichina mwenye filimbi au guzheng atajisikia nyumbani, na wimbo wake wa Mo Li Hua, ambao Puccini aliutumia katika opera ya Turandot, utakaa hapo hapo. Arirang ya Wakorea pia. Usidhani tu kwamba kila wimbo wa Asia utakaa: Sakura ya Wajapani imejengwa kwa sauti tano nyingine, zenye nusu-toni ndani yake, na ukiusukumia kwenye vitufe vyeusi utaukata miguu.

Mambo mawili ya vyombo vyetu wenyewe. Marimba ya vidole ya Wagogo haifuati sauti za piano, kwa hiyo gitaa ndilo liifuate marimba. Ukikaza nyuzi kwa programu ya simu na kumlaumu mpiga marimba kwamba "ametoka", umemkosea. Na kama umebahatika kumpata mpiga udi wa taarabu, mwombe mapema achague maqamu ambayo gitaa linaweza kuishi nayo. Rast na bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya vitufe vya piano, na gitaa lenye vipingo haliwezi kuzipata. Nahawandi haina shida, hijazi pia inawezekana. Vinginevyo waambie wapiga gitaa waweke mikono chini na wapige makofi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, wapiga gitaa wengi wangefaidika nalo hata siku za kawaida. Kanuni usiiombe ukiwa na haraka: ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na mwenyewe lazima azikaze zote.

Nyimbo ziwe chache. Nne zinatosha jioni nzima. Mgeni aliyezoea wimbo wa dakika tatu atadhani umekwisha pale tu unapoanza kukolea, basi mwambie tangu mwanzo kwamba kiitikio kitarudi mara nyingi na kwamba hakuna anayesubiri kingine. Kubalianeni na ishara ya kumalizia, mkono wa mwanzilishi juu na pigo moja la mwisho. Watu wakijua wimbo utakwishaje, huimba kwa ujasiri zaidi.

Cha kwanza kabisa huwa napendekeza Frère Jacques. Ndiyo, wimbo wa chekechea. Karibu kila mwanafunzi ameusikia utotoni kwa lugha ya kwao. Wachina wanauimba kama wimbo wa chui milia wawili, Wajerumani wana Jakob wao. Una mistari minne na unaimbwa kwa kufuatana: kundi la kwanza likifika mstari wa pili, kundi la pili linaanza, hivyo hivyo hadi makundi manne. Kila mtu aimbe kwa lugha yake. Hauhitaji kodi za gitaa wala mazoezi, na kwa dakika tano mna sauti nne zinazokubaliana. Wakubwa wataona haya kidogo mwanzoni, na hiyo ni faida, kwa sababu wote wanaona haya kwa kiwango kimoja.

Malaika ni chaguo zuri la pili. Fadhili William aliurekodi Kenya, Miriam Makeba akausambaza duniani, na wageni wengi wanaujua bila kujua maana yake. Unakwenda pole pole, kodi zake za msingi ni tatu. Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa Mombasa ni mwepesi zaidi, lakini mgeni aliyekaa Unguja wiki mbili ameshaimbiwa huo kila hoteli aliyopita. Mwanafunzi anayehangaika na ngeli za Kiswahili usiku kucha anastahili wimbo ambao haumchukulii kama mtalii. Mpe kiitikio cha wimbo wa kazi, wa harusi, au wa mchezo wa watoto wa mtaani kwenu.

Maneno usiyagawe kwenye karatasi. Mwenye karatasi anaangalia chini, mdomo unafungwa, na duara linakuwa chumba cha mtihani. Tamka mstari mmoja ndani ya mdundo, wao waurudie, mara tatu, kisha mstari wa pili. Ikibidi kuandika, andika kiitikio peke yake kwa herufi kubwa ukutani. Na usisahihishe matamshi wakati wimbo unakwenda. "Ng'ombe" ya Mfaransa itasubiri mpaka asubuhi.

Kwa upande wa wageni, mwombe mmoja au wawili, siku kadhaa kabla, walete wimbo wenye kiitikio kifupi. Swali unalouliza ndilo linaloamua utaletewa nini. Ukisema "wimbo wa nchi yako" utapata wimbo wa taifa na watu watasimama wima. Uliza nyumbani kwao huimba nini wakiwa mezani au safarini. Mwanafunzi kutoka Kolombia au Meksiko huenda akataja Guantanamera, ambao kiitikio chake kinashikika mara moja na ngoma zetu zinaupokea vizuri.

Kuna watu wawili wa kuwaangalia kwa makini. Mmoja ni yule anayesema hawezi kuimba. Usimbembeleze, na kwa jina la Mungu usimpe maiki. Mpe kayamba, msimamishe karibu na mpiga ngoma, geuka uendelee na mambo mengine. Kutazamwa ndiko anakokuogopa. Wa pili ni aliyesomea muziki tangu ana miaka mitano na hawezi kupiga bila karatasi ya noti, au anayeweza kila kitu na anataka kuonyesha. Mpe kazi ya fidla ya taarabu: mwimbaji anamaliza mstari, fidla inamjibu kwa kifungu kifupi, kisha inanyamaza mpaka mstari unaofuata. Kazi hiyo ni ngumu kiasi cha kumheshimu na ina mipaka ya kumtuliza. Nimeona wapiga violini wazuri wakiipenda kuliko solo, kwa kuwa inawalazimisha kumsikiliza mtu anayeimba kwa lugha wasiyoijua.

Vyombo visikuhangaishe. Kwa watu wasiozidi 30 hakuna haja ya maikrofoni. Ukileta spika, anayeshika maiki ndiye atakuwa muziki na wengine watarudi kuwa wasikilizaji. Kayamba mbili, cherewa au kopo lenye kokoto, vijiti, chupa, debe, ndoo ya plastiki iliyogeuzwa, gitaa moja, na mpiga ngoma mmoja anayejua kazi. Huyo wa mwisho usimpunguze. Duara la wanaojifunza bila fundi hata mmoja huyumba. Ngoma za kuwambwa kwa ngozi hulegea kwa unyevu wa pwani, kwa hiyo uwe na mahali pa kuziotesha moto kabla na katikati; waalike wageni waone, wengi hawajui kwamba ngoma hutiuniwa kwa moto. Viti ondoa, tandika mikeka, ila acha viwili vitatu kwa wasioweza kukaa chini.

Mtaarifu sheha au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na majirani wa pande zote mbili. Anza saa 10:30 alasiri, ili Magharibi ikifika muwe mmeshapiga vya kutosha na adhana iwakute mnanyamaza kwa hiari. Wakati wa swala ndio wakati wa chakula. Baada ya Isha, wanaotaka kuendelea waendelee kwa sauti za chini. Mwezi wa Ramadhani ahirisheni. Kuna wanafunzi Waislamu, wenyeji na wageni, wasiopenda ala za nyuzi lakini wataimba na tari. Wengine hawataki muziki kabisa na wamekuja kula na kuzungumza. Wasiulizwe sababu mbele za watu.

Nyimbo na ngoma za unyago zisitolewe kwenye mkusanyiko wa namna hii, hata mgeni akiwa amesoma kitabu kizima juu yake na anaomba kwa heshima. Bi Kidude alizipeleka jukwaani, lakini yeye alikuwa kungwi na alikuwa na mamlaka ya kuamua nini kitoke. Maulidi na kasida nazo zina adabu zake. Kama hakuna mjuzi wa kuziongoza, ziache. Kwenye kucheza, waonyeshe wageni kwamba kiuno kinaweza kuchezwa bila mtu kumgusa mtu. Kanga ya kufunga kiunoni husaidia kuwaongoza, na huwaondolea aibu wanaovaa suruali za kubana.

Kutunza ni jambo la kulieleza mapema. Mswahili akifurahi huinuka na noti mkononi akampa mwimbaji, na mwanafunzi wa Kijapani aliyebandikwa elfu mbili kwenye paji la uso anaweza kudhani amefukuzwa. Mimi ningeliruhusu, lakini fedha zote ziende kwenye kopo moja. Vinginevyo mwenye sauti nzuri anaondoka na hela, na mwenye kijiko na chupa anaanza kujiona hakufanya kitu.

Simu ziwekwe kando wakati wa kupiga. Mtu mmoja arekodi nyimbo mbili, na kabla video haijapandishwa popote kila anayeonekana aulizwe. Wanafunzi wengine wana familia au wafadhili ambao hawangependa kuwaona wakikata kiuno, na hilo linawahusu wenyeji kama wageni.

Malizieni mapema kuliko watu wanavyotaka. Ukikosa wimbo wa kufungia, tuni ya Auld Lang Syne inajulikana mbali kuliko unavyodhani. Wajapani wanaiimba shuleni siku ya kuhitimu, na dukani wakiisikia wanajua milango inafungwa. Wekeni maneno yenu ya Kiswahili juu yake, mstari mmoja unatosha. Kisha hesabuni cherewa na kayamba, maana kila mara moja huondoka kwenye mkoba wa mtu, na fungueni lile kopo la fedha mbele ya wote. Mpiga ngoma alipwe hapo hapo, taslimu, kabla hajaanza kutafuta daladala.